Kuanzisha kwinteti ya ala za kupuliza mpaka ikaelewana: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Watu wengi wanaopuliza kwenye bendi za kanisa, za shule na za majeshi wana tatizo lilelile, wakiwa thelathini wanasikika vizuri tu ila wakibaki watano kila kitu kinavunjika. Sababu ni kwamba kwenye bendi kubwa ukiteleza kuna wenzako wanapiga sauti hiyohiyo wanakufunika, kwenye kwinteti sauti yako unayo wewe peke yako na hamna pa kujificha. Mimi napiga klarineti, nimepita humo, na nitaeleza njia niliyoiona inafanya kazi tangu kutafuta watu mpaka siku ya onyesho.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Kwinteti ya ala za kupuliza ni watu watano, fluti, obo, klarineti, honi na basuni. Violini, viola na chelo ni ndugu wa tumbo moja, mbao na nyuzi zilezile, zinachanganyika zenyewe, lakini hizi za kwetu kila moja ina ukoo wake. Kwenye fluti hewa inakatwa na ukingo wa tundu, obo na basuni zina ridi (vipande vyembamba vya tete vinavyotetemeka) mbili zinazogongana kama ile zumari ya pwani, klarineti ina ridi moja tu, na kwenye honi kinachotetemeka ni midomo yako mwenyewe ndani ya bomba la shaba la karibu mita 3.7. Kwa hiyo msisubiri zichanganyike zenyewe, mtazichanganya nyinyi kwa masikio, na karibu kila hatua hapa chini inarudi hapo.

Muziki huu ulianza kwa wakubwa wa Ulaya waliotaka kuburudika wakati wa kula na bustanini. Mwaka 1782 kaisari Joseph II kule Vienna aliajiri kikosi cha wapulizaji wanane, obo mbili, klarineti mbili, honi mbili, basuni mbili, na watunzi wakaanza kukiandikia vitu vizito, Mozart akafika mpaka serenadi ya watu 13, ile K. 361 (K. ni namba kwenye orodha ya kazi za Mozart), ambayo humo yote ala isiyopulizwa ni moja tu, besi ya nyuzi. Ila ya watu watano tofauti kama tunavyoijua leo iliimarika Paris kwa Anton Reicha, mzaliwa wa Prague, aliyeandika kwinteti 24 kati ya 1811 na 1820, na kule Ujerumani Franz Danzi akafuata na tisa. Hao wawili ndo mlango wenu.

HATUA YA 1: WATU

Tafuta watu wanaosikiliza kabla ya watu wenye vidole vya haraka. Mpe mtu noti moja ndefu, wewe piga hiyohiyo, alafu shusha ya kwako kidogo makusudi. Akikufuata au hata akikunja uso tu, huyo anafaa. Akiendelea kama hajasikia kitu, mpe muda kwanza.

Fluti na klarineti utazipata. Honi itakusumbua, obo zaidi, na basuni ndo ngumu kuliko zote manake ni ghali na walimu wake huku kwetu ni wachache sana. Usikae mwaka mzima unaisubiri. Nafasi ya basuni inaweza kushikwa na klarineti besi, au yufoniamu ya bendi ya kanisa maana wengi wao wanasoma nota za besi, ila mwambie apige nusu ya nguvu aliyoizoea. Nafasi ya obo inaweza kushikwa na fluti ya pili au saksafoni soprano. Wazee wa sauti safi watakasirika lakini mnajifunza, na basuni ikipatikana mtakuwa tayari mnajua kukaa pamoja.

Mkiwa watatu tu anzeni hivyohivyo watatu. Mozart ana divertimenti tano, K. 439b, za honi-baseti tatu (sio honi, ni aina ya klarineti ya sauti ya chini) ambazo siku hizi watu wanazipiga kwa klarineti tatu au klarineti mbili na basuni, tamu na sio ngumu. Kwa kweli kama mnaanza kabisa ningewashauri miezi mitatu ya trio kwanza.

HATUA YA 2: ALA YENYEWE

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu jambo hili linatuhusu. Klarineti na obo nzuri unazoziona kwenye okestra za Berlin na Paris zimechongwa kwa mpingo, mti uleule wa vinyago vya Wamakonde, na sehemu kubwa ya mpingo huo inatoka Lindi, Mtwara na huko kusini mwa Tanzania. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa kutunza misitu yao na kuuza mpingo kihalali. Ni mbao nzito kiasi kwamba ukitupa kipande majini kinazama, na uzito huo ndo unafanya tundu likae laini na sauti itoke imetulia.

Lakini mpingo unapasuka. Hauchukii joto lenyewe, unachukia mabadiliko ya ghafla, ndani kuna pumzi yako yenye unyevu na joto, nje kuna AC inakausha, upande mmoja unavimba na mwingine unasinyaa, unasikia ka! Mimi yangu ilipasuka hivyo, nilitoka kwenye gari lenye AC kali nikaanza kupiga papohapo kwa nguvu, ufa ukatokea juu kwenye tundu za trili, na fundi wa kuziba ufa kama huo haupati kila mtaa. Kwa hiyo: ala ikiwa mpya ipige dakika 15 hadi 20 tu kwa siku kwa wiki za mwanzo. Ikiwa baridi ishike mkononi au kwapani kwanza kabla hujapuliza. Ukimaliza pitisha kitambaa ndani mara mbili, na usiiache ndani ya gari juani hata kama unaingia dukani dakika tano. Basuni ni ya mepo, haina ukali huo, lakini maji yanajikusanya kwenye tundu zake hivyo nayo inataka kufutwa.

Ridi ni matete, na yale mazuri yanatoka mkoa wa Var kusini mwa Ufaransa. Mwenye klarineti awe na nne anazozungusha, asitumie moja mpaka ife. Wa obo na basuni waloweke zao kwenye maji safi dakika mbili tatu hivi kabla ya mazoezi, sio kwenye mate peke yake. Mwenye obo akifika hajaloweka mnampoteza kwa robo saa ya kwanza yote.

HATUA YA 3: NOTA

Reicha, Danzi na Mfaransa Taffanel wamefariki zamani, haki zao zimeisha, nota zao zipo bure kwenye maktaba za intaneti kama IMSLP, mnapakua na kuprinti. Za watunzi wa karibuni nunueni.

Anzeni na korali ya Mtakatifu Antoni, ile divertimento inayobandikwa jina la Haydn ingawa wataalamu wanabisha kama ni yake kweli, imepangwa kwa kwinteti na iko polepole na kila mtu ana kazi. Alafu Danzi, op. 56 namba 2 ya G maina. Baada ya hapo Ibert, vipande vifupi vitatu vya 1930, vinachangamsha sana ukumbi. Kwinteti ya Mdenmaki Carl Nielsen ya 1922 wekeni akiba mpaka mmekaa pamoja mwaka mzima, manake pale obo inabidi ashike na kona anglee, ndugu mkubwa wa obo, klarineti iwe ya A, na kila mpigaji ameandikiwa tabia yake. Nielsen aliwasikia wapulizaji wa kwinteti ya Copenhagen kupitia simu wakifanya mazoezi ya Mozart nyumbani kwa rafiki yake, akawaandikia kama anawachora mmoja mmoja, na alikusudia kila mmoja apate na konseto yake, wimbo wa mpigaji mmoja na okestra, ila aliwahi kumaliza ya fluti na ya klarineti tu.

Na msiache Umoja ya Valerie Coleman, yule Mmarekani mpiga fluti aliyeanzisha Imani Winds mwaka 1997. Ndiyo, kwinteti kubwa ya Marekani inaitwa Imani kwa neno letu, na Umoja inatoka siku ya kwanza ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi. Imejengwa kwa kuitana na kuitikia kama nyimbo zetu, kwa hiyo mpigaji wa Afrika Mashariki anaielewa mwilini kabla hajasoma nota.

Tahadhari moja ya nota za zamani. Enzi za Reicha na Danzi honi haikuwa na valvu, mpigaji alibadilisha vipande vya bomba kulingana na ufunguo wa wimbo, kwa hiyo utakuta imeandikwa honi ya E-flati, ya D, ya G, wakati ya kwenu ni ya F. Mwenye honi ahamishe mwenyewe kichwani au mumwandikie upya, lakini lifanyike nyumbani. Mkilifanya siku ya mazoezi watu wanne watakaa wanamwangalia.

HATUA YA 4: KUKAA

Kaeni nusu duara mnaonana macho. Fluti kushoto ukitazama toka kwa watazamaji, klarineti kulia kabisa wakiangaliana, obo karibu na fluti, basuni karibu na klarineti, honi katikati nyuma kidogo. Mdomo wa honi unaangalia nyuma, sauti yake inagonga ukuta ndo inarudi, kwa hiyo pazia zito nyuma yake litaimeza na ukuta wa tofali mtupu utaifanya ipige kelele. Jaribuni mita mbili mbele, mita mbili nyuma, mtasikia tofauti hapohapo. Zipo njia nyingine za kukaa, nyingi tu, hii ni ya kuanzia.

HATUA YA 5: KUTYUNI (hapa msiwe na haraka)

Wengi wanatyuni hivi, wanawasha tyuna kwenye simu, kila mtu anapuliza mpaka mshale ukae katikati, basi wamemaliza. Alafu wanaanza kupiga na ni vurugu. Mshale ulikuwa sahihi kabisa, tatizo ni kwamba umetyuni noti moja, kwa nguvu moja, ala ikiwa baridi.

Pigeni dakika kumi kwanza ndo mtyuni. Sauti ya ala ya kupuliza inapanda karibu senti 3 kwa kila nyuzi moja ya joto, senti 100 zikiwa nusu toni moja. Kutoka chumba cha nyuzi 22 kwenda ukumbi wa nyuzi 30 mmepanda kama senti 24, robo ya nusu toni, mtu yeyote mwenye sikio anaisikia. Mkiwa nyinyi watano tu mnapanda pamoja ingawa sio sawasawa, lakini mkiwa na piano imekula kwenu maana piano haipandi na nyinyi. Tuliwahi kupiga K. 452 ya Mozart, ile ya piano na wapulizaji wanne, tukatyuni chumba cha nyuma chenye AC alafu tukaingia ukumbini saa nane mchana mwezi wa pili. Nikachomoa barili ya klarineti, kile kipande kifupi chini ya sehemu ya mdomo, nikachomoa tena, na barili ukiichomoa sana noti za koo, zile zinazopigwa karibu na juu ya ala, zinashuka kuliko za chini, kwa hiyo niliponya upande nikaua upande mwingine. Ningegawanya, kidogo barili, kidogo kiungo cha katikati. Na ningefanya hivyo ukumbini sio chumbani.

Obo ndo inatoa A, kwa sababu yeye hana pa kuchomoa, ridi yake ikivutwa nje inaacha pengo na noti zinayumba. Kwa klarineti ya B-flati hiyo A ni B ya kwenye karatasi, kwa honi ya F ni E. Sikilizeni mawimbi. Noti mbili zikikaribiana bila kulingana zinatoa wa-wa-wa, obo ikiwa 440 na fluti 443 ni mawimbi matatu kwa sekunde. Yakipungua kasi mnakaribia, yakitulia kabisa mmefika.

Sasa zoezi ninalolipenda kuliko yote, na mliokulia kwenye kwaya za sol-fa mtalishika haraka. Jengeni kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya B-flati kutoka chini. Basuni anashika do peke yake, analia mpaka atulie, hakuna mwingine anayepumua. Anaingia obo na do ya juu, okta mbili juu yake. Wakikaa kama mtu mmoja anaingia honi na so ya chini. Alafu fluti na so ya juu kabisa. Hapo mna kitu kitupu, kina nguvu lakini hakina furaha wala huzuni. Wa mwisho ni klarineti anayeleta mi, na mi hiyo asiipige pale tyuna inaposema, aishushe kama senti 14. Mwanzoni ataona anapiga chini, atabisha, mwacheni ashushe polepole kwa kulegeza mdomo kidogo na ghafla kodi nzima itatulia, kama maji yaliyokuwa yanatikiswa ndooni mtu akaiweka chini. So inatakiwa ipande senti 2 tu, hiyo msihangaike nayo. Mkiisikia mara moja hamtaisahau na mtaanza kuitafuta kwenye kila wimbo, nani ana mi hapa? Huyo ashuke. Badilishaneni, kila mtu aibebe mi kwa zamu.

Jambo la pili linaloua vikundi vingi: klarineti ikipigwa kwa nguvu inashuka na ikipigwa taratibu inapanda, fluti ni kinyume kabisa, nguvu inapanda, taratibu inashuka. Sasa fikiria mwisho wa wimbo, wawili hao wameshika noti moja kwa okta na karatasi inasema mfifie mpaka kimya. Mmoja anazama, mwingine anaelea, pengo linafunguka mbele ya watu pale ambapo kila mtu anasikiliza. Dawa yake: fluti asipunguze kasi ya hewa, apunguze upana wa tundu la midomo na ainue hewa juu kidogo. Klarineti alegeze taya, afungue koo kama anayepiga miayo, na kama noti inaruhusu aongeze kidole cha mkono wa kulia kuizibia kidogo. Fanyeni dakika tano kila siku, nguvu kwenda kimya, kimya kwenda nguvu, wengine watatu wasikilize na kunyoosha mkono pale wanaposikia mawimbi.

HATUA YA 6: PUMZI

Hamna kondakta, kwa hiyo anayeanzisha anapumua kwa tempo. Pigo moja kabla, anavuta hewa kwa pua au mdomo ikisikika, ala inainuka kidogo na kushuka, wote wanaingia. Kama anavuta pumzi ya haraka wakati wimbo ni wa polepole mtaingia vibaya kila mara, na sio kosa lenu ni pumzi imewadanganya. Honi inachelewa kusikika kwa sababu sauti yake inaenda nyuma kwanza, mpigaji aingie nywele moja mbele ya anachoona.

Alafu wekeni alama za kupumua kwa penseli, na msiweke wote sehemu moja. Fluti anamaliza hewa kabla ya wote. Obo ana shida ya kinyume, kitundu cha ridi ni chembamba mno hewa haitoki yote, anafika mwisho wa sentensi mapafu yamejaa hewa iliyochoka, inabidi atoe kwanza ndo avute, kwa hiyo anahitaji nafasi mbili. Ukimwona mwenye obo amewiva uso mwekundu usimwambie apumue zaidi, mpe nafasi ya kutoa.

HATUA YA 7: MAZOEZI YENYEWE

Saa mbili zinatosha. Nusu saa ya kwanza ni kodi na kufifia kama nilivyosema, msiikate hata kama onyesho ni kesho. Baada ya hapo chukueni ukurasa mmoja, mmoja tu. Basuni na honi peke yao. Kisha obo na klarineti. Kisha fluti na basuni, chini na juu kabisa, wawili hawa wakielewana katikati kunajaa kwenyewe.

Noti fupi zinataka kazi yake. Obo na basuni zinaanza na ncha kali, klarineti inaanza laini, fluti ina hewa kabla ya sauti. Pitisheni noti moja ya stakato kutoka basuni mpaka fluti, mzunguko, mpaka ukifumba macho usijue imebadilisha mkono lini. Kwa kawaida wenye ridi mbili wanalainisha ulimi na fluti anaunoa.

Na kuhusu nguvu, karatasi ikiandika taratibu kwa wote maana yake sio moja kwa wote. Noti za chini kabisa za obo hazikubali kunong'ona, na za chini za fluti hazisikiki hata akijitahidi. Honi apige ngazi moja chini ya alichoandikiwa. Obo akiwa chini, nyinyi ndo mpande kumfuata. Wekeni simu mita tatu mbele mrekodi, sikilizeni mkiwa mmeweka ala chini, kila mmoja aseme kosa lake mwenyewe kwanza kabla ya kumgusa mwenzake. Sheria hiyo imeokoa urafiki mwingi.

HATUA YA 8: SIKU YA ONYESHO

Fikeni saa moja na nusu kabla, fungueni maboksi ala zizoee hewa ya ukumbi huku mnapanga viti. Tyunini palepale jukwaani, watu wakisikia haina shida. Korali kwanza ili mikono itulie, Danzi katikati, Umoja mwisho. Kabla ya kila wimbo mmoja wenu aseme sentensi mbili na aonyeshe ala moja, mwinue klarineti mseme huu ni mpingo, mtaona watu wanavyosogea mbele kwenye viti.

Makofi yakiisha watu watakuja kuwashika mikono na kupiga picha. Watakusubiri dakika mbili. Pitisha kitambaa kwanza.